Tupeane uzoefu: uliipata wapi pastrami ya kweli baada ya kuhama New York?

Mtanga wa Michigan

Wakuu, habari za majukumu.

Kwetu ni Tanga, ila utu uzima wangu umelelewa na New York. Niliishi pale miaka 11, zamu ya usiku katika hospitali moja ya Manhattan, kazi yangu kuwapeleka wagonjwa kwenye vipimo na kuwarudisha wodini. Sasa ni mwaka wa tatu niko Grand Rapids, Michigan. Maisha namshukuru Mungu: nyumba nafuu, watoto wana uwanja wa kuchezea, na Wakongomani ni wengi kiasi kwamba naweza kumaliza siku nzima bila kutoka kwenye Kiswahili. Sembe ipo, mbuzi yupo, tui la kopo lipo. Ninachokikosa mpaka nakiota ni chakula cha Kiyahudi cha kule nilikotoka, hasa pastrami, ile nyama ya ng'ombe inayolazwa kwenye chumvi na viungo, ikapita kwenye moshi kisha mvuke.

Miaka ya mwanzo New York nilikuwa sili nyama nje kabisa. Nabeba wali na maharage kutoka nyumbani, basi. Kazini kulikuwa na mzee mmoja fundi wa eksirei, Myahudi, akawa ananiona kila siku na kopo langu lile lile. Siku moja ya mshahara akaniambia, "Sisi nguruwe hatuli, damu hatuli, na mchinjaji wetu anaisomea kazi yake. Twende nikununulie chakula cha mchana." Akanipeleka 2nd Ave Deli, mtaa wa 33 (deli ni duka la vyakula lenye meza za kulia). Jina linasema Barabara ya Pili, duka haliko Barabara ya Pili, na mzee akanipa sababu tukiwa tumekaa. Lilifunguliwa kule mwaka 1954 na Abe Lebewohl. Mwaka 1996 majambazi walimuua akiwa anapeleka hela za duka benki. Familia ikaendelea, wakavutana na mwenye nyumba juu ya kodi, 2006 wakafunga. Mwisho wa 2007 mtoto wa ndugu yake akalifungua upya hapo mtaa wa 33. Mzee alikuwa anasimulia kama mtu anayesimulia msiba wa kwao, na ule msiba wa kwanza ulikuwa umeshapita miaka mingi.

Kikaja kwanza mchuzi wa kuku wenye donge jeupe kubwa kama chungwa, limefinyangwa kwa unga wa matza, ule mkate wao usio na chachu, mayai na mafuta ya kuku. Ukigusa kwa kijiko linaachia lenyewe. Kisha ikaja sandwichi. Vipande viwili vya mkate wa rai (nafaka ya jamii ya ngano) wenye mbegu za kisibiti, katikati nyama imerundikwa mpaka kinywa hakijui kianzie wapi. Nje nyeusi ya pilipili manga na giligilani, ndani nyekundu ya waridi, mvuke bado unatoka, mafuta yameshayeyuka. Niliponusa tu nikamkumbuka bibi yangu Chumbageni akipondaponda bizari ya pilau. Viungo ni vile vile! Nilikuwa nimeishi miaka miwili na mji ule bila kujua kuwa una harufu ya kwetu.

Baadaye nikaagiza chai ya maziwa na mhudumu akakataa. Nilidhani nimemkosea. Mzee akanieleza kuwa kwenye duka la nyama la kosher, yaani linalofuata sheria za chakula za Kiyahudi, maziwa hayaingii mlangoni, maana Torati inakataza kuchanganya nyama na maziwa. Nikanywa chai kavu. Toka siku hiyo kila mshahara ulikuwa na fungu lake la pastrami.

Huku nilipo nimejaribu mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa mgahawa mmoja ulioandika "pastrami ya New York" kwa herufi kubwa dirishani. Nyama ya baridi, imekatwa na mashine nyembamba kama karatasi, juu wamepaka mayonezi, mkate laini kama sponji. Nilikula robo nikaifunga nikaondoka. Nilikaa ndani ya gari kama dakika kumi siwashi injini.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Wewe uliyekuwa New York, Montreal, London au popote penye chakula hiki halafu ukahama, uliendelea vipi? Ulipata mahali? Unapika mwenyewe? Unaagiza kwa posta? Nawasilisha.

Dada wa Buja

Kaka Mtanga, nimekusoma nimeona ni mimi naandika.

Mimi ni Mrundi, nilikaa Montreal miaka tisa, leo niko Edmonton, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka pale. Kwetu Montreal hatusemi pastrami, tunasema nyama ya moshi, na mahali pake ni Schwartz's, barabara ya Saint-Laurent. Alianzisha Reuben Schwartz, Myahudi aliyetoka Romania, mwaka 1928. Duka ni dogo, meza mnachangia na watu msiowajua, na foleni inasimama nje hata Januari wakati pua imeshaacha kuhisi chochote. Unaulizwa swali moja tu: isiyo na mafuta, ya kati, au ya mafuta? Mgeni husema isiyo na mafuta akidhani anatunza afya, halafu anatafuna uzi. Sema ya kati. Haradali ya njano, tango la chumvi pembeni, na soda ya cheri nyeusi. Imekwisha.

Nyama yao inakaa siku kumi hivi na chumvi na viungo, inaingia kwenye moshi, halafu inapikwa kwa mvuke masaa mpaka inalegea. Na hapa kaka ndipo tunapotapeliwa tukihama: wengi wanaruka mvuke. Nyama iliyotoka kwenye moshi bila mvuke ni ngumu, ndiyo maana wanaipitisha kwenye mashine iwe karatasi, ili usijue kama ni ngumu. Iliyopikwa kwa mvuke sawasawa mashine haiiwezi, inavunjikavunjika. Lazima mtu na kisu. Mimi sasa nikiingia mahali siangalii jina la nje wala picha ukutani. Naangalia kama kuna mtu nyuma ya kaunta ameshika kisu kirefu na mbele yake mvuke unapanda. Kama hayupo nanunua maji naondoka.

Edmonton ninavyofanya: shemeji akija kutoka Montreal anibebee kipande kizima kilichofungwa bila hewa. Natafuta sufuria kubwa, naweka kichanja chini, maji yasiguse nyama, nafunika na karatasi ya alumini halafu kifuniko na juu jiwe, kama mama alivyokuwa anafunika ndizi. Masaa matatu moto mdogo. Unaongeza maji ya moto, usiongeze ya baridi. Ukichoma uma ukaingia bila kusukuma, toa, acha ipumue dakika kumi, kata kinyume cha nyuzi za nyama. Ukikata kufuata nyuzi umeharibu kazi ya siku kumi ya mtu mwingine.

Mume wangu ni mtu wa Gitega, hakuwahi kuishi Montreal, na siku ya kwanza aliuliza kwa nini nalia jikoni. Nilimwambia ni mvuke.

Msomi wa Ann Arbor

Mtanga, upo Michigan na unalia? Kuna Zingerman's hapa Ann Arbor, tangu 1982, kama saa mbili kwa gari kutoka kwako. Ila kwa kuwa umetaja suala la kosher, nikuambie ukweli kabla hujachoma mafuta: ni chakula cha mtindo wa Kiyahudi, sio kosher. Wanauza nyama na jibini pamoja.

Kitu ambacho Michigan tunawazidi watu wa New York ni mkate. Kwenye deli za upande wa Detroit mkate wa rai unaokwa mara mbili. Umeshaokwa mzima jana, leo unarudishwa kwenye oveni yenye moto mkali dakika 15 au 20 mpaka ganda linalia ukiligonga, ndipo unakatwa vipande vinene ungali na joto. Ganda gumu, ndani laini, unabeba nyama yenye majimaji bila kuloa. Jaribu nyumbani, inawezekana kabisa.

Ustadh Njiapanda

Assalaam alaykum. Swali kwa Mtanga na Waislamu wengine humu: hiyo nyama mnaila kwa hoja gani? Siulizi kwa kubishana, mdogo wangu anahamia Brooklyn mwezi ujao na ameniuliza.

Mtanga wa Michigan

Waalaykum salaam Ustadh. Imam wangu kule alinisomea Suratul Maidah aya ya 5, chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu, na akaniruhusu ya kosher. Wapo masheikh wengine wanaoshikilia kuwa lazima jina la Mwenyezi Mungu litajwe kwa kila mnyama, na mchinjaji wa Kiyahudi kwa kawaida anasoma dua yake mara moja mwanzoni mwa kazi, kwa hiyo wao hawaruhusu. Mdogo wako amuulize sheikh anayemwamini. Mimi naongeza jambo moja tu la vitendo: divai kwao haikatazwi, kwa hiyo kwenye michuzi na vitamu aulize kabla. Na aangalie alama ya kosher kwenye paketi, kama U ndani ya duara. Tena siku ya Jumamosi asiende, duka linalofuata dini limefungwa tangu Ijumaa jua linapozama.

Binti Queens

Mimi bado niko New York, miaka 19 sasa, na naomba niongeze jambo kwa ajili ya mdogo wa Ustadh, kwa sababu watu wanachanganya sana.

Katz's, ile ya kona ya Houston na Ludlow ambayo kila mtalii anaijua, ipo tangu 1888 na pastrami yake mimi naiona ni namba moja duniani. Lakini sio kosher. Ijumaa usiku wako wazi, na jibini ukitaka wanakuwekea. Wasiohusika na masharti, nendeni kwa amani. Mlangoni unapewa tiketi ndogo ya karatasi, kila unachoagiza kinaandikwa humo, unalipa wakati wa kutoka. Ukiipoteza wanakutoza dola 50 juu ya bili, kwa hiyo itie mfukoni pa ndani. Nenda kwa mkataji mwenyewe usikae kusubiri mezani. Atakukatia kipande kwanza akuwekee kwenye kisahani uonje huku anaendelea kukata yako. Hicho kipande cha kuonja, kimesimama hapo kwenye kaunta na mafuta yanateleza kwenye vidole, ndicho nilichompeleka mama yangu kula siku aliyotua kutoka Moshi. Alikuwa amekataa chakula kwenye ndege safari nzima. Akala kile kipande, akamwangalia yule kijana mkataji, akamwambia kwa Kiswahili, "Ongeza, mwanangu." Kijana hakujua neno hata moja, akaongeza.

Na msidhani ninyi mliohama tu ndio mnaotafuta. Sisi tuliobaki tunaona maduka haya yanafungwa mbele ya macho. Stage Deli ilifungwa 2012. Carnegie Deli, iliyokuwepo tangu 1937, ilifunga milango siku ya mwisho ya 2016. Miaka ya 1930 maduka haya yalihesabiwa kwa mamia na mamia mjini hapa, sasa ya kosher ukitaja unamaliza vidole na unarudi mkono mwingine kidogo tu. Wazee waliyaanzisha, watoto wao wakawa madaktari na mawakili, nani aamke alfajiri kuchemsha ulimi wa ng'ombe? Kodi nayo inapanda. Nyama ya kidari ni ghali na inapungua uzito jikoni, unaingiza kilo nyingi unatoa chache. Mtu akiniambia sandwichi ya zaidi ya dola 20 ni wizi huwa namweleza hilo.

Kuhusu lile swali la "naagiza kwa posta?" ndiyo, Katz's wanasafirisha nyama Marekani nzima ikiwa imefungwa bila hewa. Ukiipata fanya kama alivyosema Dada wa Buja. Usiitie kwenye maikrowevu, nakuomba.

Kijana wa Kibokoni

Salaam zenu kutoka Muscat.

Mimi mtu wa Mombasa, nimeendesha teksi London miaka saba usiku. Kule chakula cha usiku cha madereva ni Brick Lane, Beigel Bake, hawafungi masaa 24. Beigel ni mkate wa duara wenye tundu katikati. Andikeni vizuri, ni "beigel", na mwanzo wake wenyewe wanautamka "bai". Hiyo barabara ina jengo moja ninalolipenda kuliko yote ya London. Lilijengwa 1743 likiwa kanisa la Wafaransa Waprotestanti waliokimbia kwao, mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia Urusi, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabangladeshi. Nimesali Alfajiri humo mara nyingi, nikitoka navuka kwenda kununua beigel ya samoni na jibini laini. Samaki hakuna swali. Nyama ya chumvi, ambayo ndiyo pastrami ya Waingereza ila haipiti kwenye moshi, inachemshwa tu, nilikuwa naifuata Golders Green kwenye maduka ya kosher. Pale wanakupakia haradali ya Kiingereza. Ile inapanda puani mpaka unaona nyota.

Nimerudi huku kwa wajomba mwaka wa tano sasa. Mwezi wa pili tu nilikuwa dukani nikaona kwenye friji pameandikwa bastirma. Moyo ukaruka! Neno ni moja kweli: Waturuki wanaita pastırma, Waromania wakalichukua, Wayahudi wa Romania wakaenda nalo New York, huko ndiko likawa pastrami na nyama ikawa ya ng'ombe badala ya bata bukini. Nikanunua nusu kilo, nikakimbia nyumbani nikaitia mvuke masaa mawili. Jamani. Nyumba nzima ilinuka uwatu siku tatu. Bastirma hii haipikwi, ni nyama mbichi iliyokaushwa kwa upepo na kupakwa uwatu na saumu na pilipili nyekundu, unaikata nyembamba unaila na mayai. Ni tamu sana ukiiheshimu ilivyo. Ni babu wa pastrami, na mimi nilimchukua babu nikamvalisha nguo za mjukuu.

Sasa beigel nafanya mwenyewe kila Ijumaa. Siri ni kuzichemsha kabla ya kuzioka, dakika moja upande huu, nusu dakika upande ule. Bila hivyo umetengeneza mkate wenye tundu. Samoni hapa ghali, natumia nguru. Namgandisha kwanza wiki nzima kwenye friza yenye baridi kali ili kuua minyoo, kisha chumvi na sukari siku mbili, naosha, nakata vipande vyembamba kwa kisu chenye makali. Mjomba wangu ambaye hajatoka Oman tangu 1970 anakula tatu na kahawa.

Mtoto wa Lubumbashi

Niingie na mimi kwa njia ya pembeni.

Marehemu baba yangu alikuwa mpishi wa familia moja ya Kiyahudi Lubumbashi. Wayahudi wa kule kwetu wengi walitoka kisiwa cha Rhodes, walikuwa wafanyabiashara, na sinagogi lao mpaka leo limesimama mjini. Baba alijifunza kupika vyao akawa anatupikia na sisi siku za sikukuu. Burekas, kama sambusa za kuokwa, za jibini na biringani. Mayai yaliyochemshwa usiku kucha na maganda ya vitunguu mpaka ganda la yai linakuwa kahawia na ndani linakuwa na ladha kama ya karanga. Vibumba vya mchicha.

Nilipohamia Ubelgiji nilikuwa na njaa ya chakula cha baba. Watu wakaniambia, ukitaka chakula cha Kiyahudi nenda Antwerpen, kwenye mitaa ya wauza almasi. Nilipanda treni Jumapili. Nikapata samaki wa kusagwa wa baridi mwenye kipande cha karoti juu, nikapata maini ya kusaga na vitunguu, nikapata tango la chumvi na mchuzi wa donge kama aliousimulia Mtanga. Vizuri vyote, lakini sikumuona baba hata kwenye sahani moja. Nilimuuliza mama aliyekuwa anahudumu kuhusu yale mayai ya maganda ya vitunguu. Akaacha trei, akakaa kwenye kiti cha mbele yangu, akaniambia: hicho ni chakula cha Wayahudi waliofukuzwa Uhispania, wakaishi kwa Waturuki na Wagiriki. Hiki chetu ni cha Poland na Urusi na Romania, nchi za baridi, ndiyo maana kila kitu ni cha chumvi na cha kuweka akiba. Kwa hiyo nilikuwa natafuta sahani sahihi kwenye mji usio wake.

Alinielekeza Brussels, ambako wamo watu wa asili ya Rhodes waliopitia Kongo kama mimi. Nilichukua muda, ila nilikutana na bibi mmoja kwenye bazari ya hisani, alikuwa anauza burekas. Nilipomwambia natoka Lubumbashi akanijibu kwa Kiswahili, kile cha kwetu. Tulilia wote wawili karibu na sanduku la sarafu. Alizaliwa avenue ambayo baba alikuwa anapita kila asubuhi na baiskeli.

Naandika haya ili mtu asije akavunjika moyo kama mimi. Kabla ya kutafuta, jiulize unatafuta chakula cha Wayahudi wa wapi.

Mama Upanga

Hongereni wanangu. Mwaka wa 12 huu tangu nirudi Dar kutoka Bronx, na nimeshapika pastrami mara tisa. Tano za kwanza msingeila.

Nyama kwanza. Ng'ombe wetu wa malishoni ametembea, hana mafuta. Mwambie mchinjaji unataka kidari cha ng'ombe aliyenona, akiachie mafuta yake. Mimi wa kwangu yuko soko la Kisutu, alidhani nimechanganyikiwa, maana wateja wote wanasema toa mafuta, mimi nasema rudisha.

Pili, rangi. Mara za mwanzo niliweka chumvi ya kawaida tu, nyama ikatoka ya kijivu kama ya mfupa wa supu. Ladha ipo, macho yanakataa. Wazee walitumia shura, leo kuna chumvi maalumu ya kuhifadhia nyama, wameitia rangi ya waridi ili usije ukaichanganya na ya mezani, kwa sababu ikizidi ni sumu. Mwanangu ananiletea akija. Ile yenye nitriti asilimia 6.25, ni gramu 2.5 kwa kila kilo, ukipima nyama na maji pamoja. Mizani ya jikoni, sio kijiko, sio kukadiria. Chumvi ya kawaida, sukari, saumu, majani ya mdalasini mwitu, pilipili manga nzima, giligilani, haradali. Siku nane mpaka kumi kwenye friji, unageuza kila siku. Umeme ulipokatika siku mbili mfululizo mara ya nne, niliitupa yote. Roho iliniuma lakini nyama ya mashaka hailiwi. Siku hizi naweka barafu tayari.

Moshi nafanyia kwenye jiko la pipa, mkaa kidogo na magogo makavu ya mwembe, masaa matano moto wa chini. Halafu mvuke kama alivyosema huyo binti wa Bujumbura, amesema kweli tupu.

Mkate ndio ulionitesa. Nilikwenda dukani kwa Mhindi nikasema nataka unga wa rai. Akaniuliza, mama, unga? Nikasema ndiyo, rai. Akanipa haradali iliyosagwa. Kumbe kwa Kigujarati rai ni haradali! Nikaupeleka nyumbani, nikakanda. Sasa natumia atta ya ngano nzima na kisibiti kingi, na mwanzo wa chachu ninaoulisha siku tatu uwe mchachu. Sio rai, lakini ukifumba macho unafika karibu.

Matango ndiyo rahisi kuliko vyote na watu hawayafanyi. Hakuna siki kabisa. Lita moja ya maji, gramu 40 za chumvi, saumu, majani ya shibiti ukiyapata, matango madogo yazame yote. Kwa joto la Dar siku tatu yameshachacha, kule kwenu kwenye baridi subirini wiki.

Mpwa wa Pwani

Los Angeles, Langer's, karibu na MacArthur Park, tangu 1947. Sandwichi namba 19. Pastrami nene iliyokatwa kwa mkono, mkate wenye ganda la moto. Ina jibini, kwa hiyo sio kosher, Ustadh asije akasema sikumwambia. Nimehamia Phoenix na kila nikiwa na safari ya LA, ratiba inapangwa kuzunguka masaa yao ya kufungua. Sina zaidi.

Mtanga wa Michigan

Ndugu zangu, nimerudi na taarifa. Shikamoo Mama Upanga.

Jumapili nilimchukua jirani yangu Mkongomani tukaenda Oak Park, kaskazini mwa Detroit, mwendo wa saa mbili na nusu. Huko kuna Wayahudi wanaofuata dini na maduka yao ya kosher. Nimepata kipande cha pastrami kizima, kilo mbili na robo, hakijakatwa, na mkate wa rai mzima. Muuzaji aliponisikia nikisema sitaki akikate, akaacha mashine akanitazama akaniuliza nitakitia mvuke muda gani. Nikamjibu masaa matatu. Akatikisa kichwa kukubali, akaniongezea tango kwenye mfuko.

Nimefuata maneno ya Dada wa Buja, mpaka jiwe juu ya kifuniko. Mkate nimeurudisha kwenye oveni kama alivyoelekeza Msomi. Saa ya pili harufu ilishatoka nje, watoto wa jirani wakaja mlangoni wakisema wanamtafuta mwanangu. Nimekata mwenyewe, kinyume cha nyuzi, vipande vya mwanzo vimevunjika vibaya kwa sababu sikuiacha ipumue, vya katikati vimekaa. Mke wangu, ambaye miaka yote alikuwa akinisikiliza tu nikisimulia, alikula amesimama.

Jioni nikampigia simu yule mzee wangu wa eksirei, ameshastaafu, yuko Brooklyn. Nikamweleza hatua kwa hatua. Alitaka kujua haradali ilikuwa ya aina gani.

Mama Upanga, yale matango nimeyaweka jana kwenye chupa ya vioo karibu na dirisha. Leo maji yameanza kuwa na ukungu mweupe na kuna vipovu. Ndivyo yanavyotakiwa, au niyatoe?

Mama Upanga

Ndivyo, mwanangu. Yaache. Ukiona utando juu uondoe kwa kijiko, yasukume yazame, na weka sahani chini ya chupa maana yatafurika.